Tezi Nne Ndogo Zisipotee Katika Upasuaji wa Rovu

Upasuaji wa rovu unapotajwa, fikira za wengi huenda kwenye uvimbe wa shingo na kovu litakalobaki. Ni wachache wanaozikumbuka tezi nyingine ndogo, kwa kawaida nne, kila moja kadiri ya punje ya mchele, zilizojibanza nyuma ya tezi dundumio. Hizo huitwa parathairoidi. Homoni yake ndiyo inayotawala kiasi cha kalsiamu katika damu. Mtu akizipoteza zote, midomo na vidole humfa ganzi, misuli hukakamaa, na hali ikizidi hupatwa na degedege.

Ivar Sandström, mwanafunzi wa udaktari wa Uppsala, Sweden, alizieleza tezi hizo katika mwili wa binadamu mwaka 1880. Hata hivyo, kuzijua kitabuni si sawa na kuzitambua shingoni. Rangi yake ya manjano na hudhurungi hufanana na mafuta yaliyozizunguka, na mahali pake hutofautiana kati ya mtu na mtu. Ugumu huo huongezeka katika upasuaji wa matundu madogo, ambamo daktari hutazama kwa kamera na kufanya kazi kwa vyombo virefu, pasipo kupapasa kwa kidole. Jicho huwa ndilo tegemeo lake kuu.

Hapa ndipo fizikia ilipoleta msaada. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walitangaza matokeo ya kutumia mionzi ya infraredi. Parathairoidi ikimulikwa kwa mionzi yenye urefu wa wimbi wa nanomita 785 hivi, hurudisha mwanga wa wimbi refu kidogo zaidi, karibu na nanomita 820, tena kwa nguvu kuliko dundumio iliyo jirani yake. Jicho halioni mwanga huo, lakini kamera maalumu huuona, bila mgonjwa kupewa rangi yoyote. Mwaka 2018 mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa iliruhusu vifaa viwili vya namna hiyo.

Wapo watakaouliza: anasa hiyo yatuhusu nini? Maoni yangu ni kwamba yatuhusu kuliko wengine. Mfikirie mkulima wa Genkuru, upande wa Tarime na Serengeti, aliyepewa rufaa ya kupasuliwa katika hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza. Mtu aliyepoteza tezi hizi akiwa mkazi wa jirani na hospitali hupimwa damu asubuhi na kupata dawa jioni. Yule wa Genkuru atahitaji vidonge vya kalsiamu na vitamini D maisha yake yote, pamoja na nauli ya kuvifuata na kupimwa. Vikimwishia wakati wa masika, barabara zikiwa matope, atakuwa hatarini. Kwa hiyo, kadiri mtu akaavyo mbali na duka la dawa, ndivyo tezi moja iliyonusurika inavyozidi kuwa na thamani kwake.

Lakini mwanga huo una mipaka yake. Hauthibitishi uhai wa tezi: iliyokatiwa damu huendelea kung'aa, hata baada ya kutolewa mwilini. Ili kujua kama damu inafika, madaktari huchoma mshipani rangi ya kijani iitwayo indosianini, ambayo nayo huonekana kwa kamera ya infraredi. Tena mwanga hupenya milimita chache tu, hivyo tezi iliyofunikwa na nyama haitaonekana. Kamera basi humsaidia mpasuaji anayeijua anatomia, asiyeijua haitamfaa.

Kwa sababu hiyo tufuate utaratibu. Kwanza ni chumvi. Tangu miaka ya 1990 sheria za Tanzania zimetaka chumvi ya kula itiwe madini joto, kwa kuwa upungufu wake ni chanzo kikubwa cha rovu. Rovu lililozuiliwa halihitaji kisu. Pili, kila hospitali inayopasua dundumio iweze kupima kalsiamu siku zinazofuata upasuaji, na mgonjwa asirudi kijijini bila kuelezwa dalili za hatari. Ndipo kamera ziwekwe katika hospitali za rufaa zinazofundisha wapasuaji, na faida yake ipimwe kwa hesabu ya wagonjwa wetu wenyewe, si kwa sifa za muuzaji.

Walimu wanalo jukumu katika jambo hili. Mawimbi ya mwanga hufundishwa katika somo la fizikia na tezi katika biolojia, kana kwamba ni nchi mbili zisizopakana. Mwanafunzi aonyeshwe kwamba mambo hayo mawili hukutana katika shingo ya mgonjwa. Tukimfundisha hivyo, siku moja ataweza kukitengeneza na kukihukumu kifaa kama hicho, badala ya kungoja kuletewa.