Ruzuku ya Kinga Isikatike Katikati ya Masika

Kila mwaka masika yanapoingia katika Mkoa wa Pwani, kata za vijijini kama Kurui, wilayani Kisarawe, hukabiliwa na mambo matatu kwa pamoja: mbu huongezeka, maji ya visima vya wazi huchafuka, na safari ya kumfikisha mgonjwa hospitalini huwa ndefu zaidi. Magonjwa ya kuambukiza hayangojei hundi. Kwa hiyo suala la kuongeza muda wa ruzuku za afya zinazotumika kupambana na magonjwa hayo wilayani na vijijini si la wahasibu peke yao. Ndilo linaloamua kama mganga wa zahanati atakuwa na vipimo na dawa siku mgonjwa wa kwanza atakapofikishwa kwake, au atakuwa na daftari la kuandikia majina tu.

Ubaya wa kutegemea fedha zisizo na uhakika ulionekana wazi mwaka 2025. Tarehe 20 Januari mwaka huo Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika tarehe 1 Julai shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limekwisha. Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi tatu za kwanza kuingizwa, mwaka 2005, katika mpango wa Marekani wa kupiga vita malaria. Kazi ya miaka 20 ikatikiswa kwa sahihi moja iliyotiwa ng'ambo. Na siku hiyo hiyo ya tarehe 20 Januari, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dodoma akilitangazia taifa kwamba ugonjwa wa Marburg umethibitishwa mkoani Kagera. Hadi mlipuko huo ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, wagonjwa 10 walikuwa wamehesabiwa, 2 waliothibitishwa kwa vipimo na 8 waliodhaniwa kuwa nao, na wote walikuwa wamefariki dunia. Ugonjwa haukusubiri mafungu yapangwe upya.

Wapo wanaosema, na hoja yao si ya kupuuzwa, kwamba kuongeza muda wa ruzuku ni kurefusha utegemezi. Taifa lililojifunza siasa ya kujitegemea tangu mwaka 1967 lina haki ya kuuliza swali hilo. Lakini kukata ruzuku kabla chombo cha kuipokea kazi hiyo hakijasimama si kujitegemea. Ni kuiacha kazi ife, kisha kuianza upya kwa gharama kubwa zaidi.

Mfano uko jirani kabisa na Kisarawe. Katika mji wa Kibaha kipo kiwanda cha kutengeneza dawa ya kibaiolojia ya kuua viluwiluwi vya mbu, kilichojengwa kwa ujuzi kutoka Cuba na kuzinduliwa na Rais Jakaya Kikwete mwaka 2015. Juni 2017 Rais John Magufuli alikitembelea, akaagiza halmashauri zote nchini zinunue dawa hiyo. Agizo lilikuwa jema. Hata hivyo, dawa ya namna hii ina tabia yake. Haikai majini mwaka mzima. Hunyunyiziwa, ikaisha nguvu baada ya muda mfupi, nayo hapana budi irudiwe tena na tena, kwa sababu mbu hutaga mayai katika kila dimbwi jipya. Anayeinunua mara moja kwa fedha za mradi, akapiga picha, kisha akangoja bajeti ya mwaka unaofuata, amemwaga fedha hizo majini.

Kwamba kazi hii huzaa matunda ikifanywa bila kukatizwa, Dar es Salaam ilikwisha kuonyesha. Mwaka 2006 Halmashauri ya Jiji ilianza kunyunyizia dawa ya viluwiluwi katika kata 3 kati ya 15 zilizokuwa katika mpango wake. Wananchi wa mitaa hiyo hiyo walikagua madimbwi kila wiki, na maambukizo ya malaria yaletwayo na mbu yakapungua kwa yapata theluthi moja. Dawa ilikuwa sehemu ndogo ya siri ya mafanikio hayo. Sehemu kubwa ilikuwa ni mtu aliyepewa eneo lake, akalipwa, akarudi wiki iliyofuata.

Mtu wa namna hiyo ndiye anayetakiwa Kurui. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika muda wa miaka 5, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Ni mpango mkubwa, na posho yao ya kila mwezi ni mzigo usiobebwa kwa fedha za msimu. Hapo ndipo ruzuku inapostahili kuongezewa muda kwanza. Semina za hotelini zinaweza kungoja, maana posho ya semina haijapata kuua kiluwiluwi hata kimoja.

Njia ya kuzifikisha fedha ipo. Mfuko wa Pamoja wa Afya ulianzishwa mwaka 1999, na tangu mwaka wa fedha 2017/18 zahanati na vituo vya afya vimekuwa vikipelekewa fedha moja kwa moja katika akaunti zao vyenyewe, bila kulala kwanza wilayani. Kinachokosekana ni fungu la dharura lililotengwa mapema, ambalo mganga mfawidhi anaweza kuligusa siku anayoona wagonjwa watatu wa kuharisha kutoka kisima kimoja, pasipo kuandika barua na kungoja jibu. Kipindupindu kilichoanzia Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea mikoani kwa sababu siku za mwanzo ndizo zenye thamani kuliko zote, na ndizo huwa hazina fedha.

Juu ya namna ya kumaliza ruzuku kwa heshima, Kibaha ina historia nyingine. Mwaka 1963 nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden ziliungana na Tanganyika kuanzisha kituo chenye shule, mafunzo ya wakulima na huduma ya afya. Mwaka 1970 kilikabidhiwa kwa Tanzania, kikawa Shirika la Elimu Kibaha. Kazi haikufa siku ya makabidhiano. Huduma ile ya afya ilikua ikawa hospitali ya Tumbi, ambayo leo ndiyo hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Pwani. Wafadhili walikaa miaka 7, na aliyepokea alijulikana.

Yafaa ruzuku za sasa ziongezwe kwa mtindo huo: kila mwaka wa nyongeza uambatane na sehemu inayokua ya mchango wa halmashauri, iandikwe katika bajeti na isomwe hadharani. Maofisa mipango wanaotayarisha makisio ya mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai wanayo kalamu mkononi. Walimu nao, ambao ndio wa kwanza kuona madawati yakiwa matupu pale homa inapoingia kijijini, wapeleke idadi ya watoto wasiohudhuria kwa mganga wa zahanati kila wiki ya masika. Kazi hiyo haihitaji ruzuku yoyote, na inaweza kuanza Jumatatu.