Pasaka ya Mokoto: gari la kwanza libebe wenye kijiji

Mwezi wa tatu ukikaribia, watu wa Goma wenye uwezo kidogo huanza kuulizana Pasaka wataipitishia wapi. Picha za vilima vya Masisi huzunguka kwenye simu: majani mabichi, ng'ombe, nyumba za enzi ya Wabelgiji, na chini yake maneno "Uswisi ya Afrika". Wengine wanataja Mokoto, kando ya maziwa, penye monasteri ya watawa Watrapisti waliofika kutoka Ubelgiji mwaka 1954.

Matembezi siyapingi. Ila huko Ulaya mwezi wa tatu baridi inaisha na maua yanachanua. Kwetu ni mvua. Aliyepita barabara ya Sake kwenda Masisi-Centre mwezi wa nne anajua: lori linalala kwenye matope, na mama mwenye gunia la maharagwe anashuka kutembea kwa miguu.

Halafu hayo majani mabichi. Mzungu hakuyakuta yakimngoja. Misitu ilikatwa, ardhi ikagawiwa mashamba makubwa, na kuanzia 1937 hadi 1955 serikali ya kikoloni ikahamisha maelfu ya familia kutoka Rwanda kuja kukaa huku. Ulikuwa mpango wa ofisini. Ugomvi wa ardhi unaotuzikisha watu hadi leo una mizizi humo, na watoto wa pande zote wamerithi uamuzi ambao babu zao hawakuufanya. Picha ya ng'ombe haisemi hayo. Wala haisemi kwamba Mei 1996 watu waliokimbilia monasteri ya Mokoto kutafuta usalama waliuawa, na watawa wenyewe wakakimbia.

Sasa fikiria familia ya Bashali inayoishi Goma kwa kuhifadhiwa na ndugu. Nayo inapanga safari ya Mokoto, labda kwa miaka kadhaa sasa. Haiulizi hoteli. Inauliza barieri ni ngapi na kila moja inadai pesa ngapi, nani amelima shamba lao, nani analala ndani ya nyumba yao, na kama kaburi la mzee bado linaonekana.

Kwa hiyo naomba parokia, vyama vya vijana na wenye magari wanaofikiria safari za Pasaka waanze na hao. Viti vya mbele viwe vyao, kama njia inapitika na kama wenyewe wametaka. Atakayeongoza wageni awe kijana wa huko, alipwe, na aeleze yote, 1954 pamoja na 1996. Fromaji inunuliwe kwa mfugaji mwenyewe.

Neno moja zaidi, na hili ndilo linalonisumbua. Februari 2025 kambi za kandokando ya Goma zilivunjwa na watu wakaambiwa warudi makwao, wengi bila kujua watakuta nini. Safari ya siku moja isije ikapigwa picha ili kuonyesha kwamba watu wamekwisha kurudi na amani ipo. Aliyekwenda kuangalia shamba lake na kurudi Goma jioni bado ni mkimbizi, na msaada wake usikatwe kwa sababu ya picha hiyo. Waandaaji wakubaliane juu ya hilo kabla hawajakusanya pesa ya mafuta.