Mzigo wa Kitenzi Chukua

Vitenzi vya Kiingereza vyenye kazi nyingi kama "take" ni vichache. Mwingereza hukitumia kwa kupiga picha, kumeza dawa, kufanya mtihani, kula kiapo, kuoga, kuaga na kulipiza kisasi. Hiyo ni haki yake, na hapana wa kumlaumu. Lawama ni ya baadhi ya wasomi wa Kiswahili, ambao wamekitwika kitenzi chukua shehena yote hiyo, kana kwamba hakikuwa na mzigo wake chenyewe.

Mzigo wake kinao, na mahali pema pa kuutazama ni Moshi. Katika malango ya Marangu na Machame wachukuzi hujitwisha mahema, vyakula na mikoba ya wageni waendao kupanda mlima wenye kimo cha mita 5,895. Kanuni za hifadhi zimemwekea mchukuzi mzigo usiozidi kilo 20. Hao ndio wachukuao kwa maana ya asili, na katika maana hiyo zimechipua nyingine: mwanamke huchukua mimba; mtoto mwema huwachukua wazazi wake katika uzee wao; chombo huchukua abiria; watu wenye subira huchukuliana; na hata nguo humchukua aivaaye ikampendeza. Huo ni utajiri usiotokana na "take" hata kidogo.

Sasa husikika ya kuwa mkutano "ulichukua nafasi" mjini Moshi. Katika Kiswahili achukuaye nafasi hujaza mahali, au hukalia kiti cha mwingine. Je, mkutano huo ulikalia kiti cha nani? Kufanyika kupo, kutukia kupo, kuwapo kupo. Mwanafunzi naye hujigamba ya kuwa "amechukua mtihani". Mwalimu makini angemwuliza ameuchukua kuupeleka wapi.

Kichekesho hiki chaweza kugeuka msiba. Katika kibanda cha Kibo, kimo cha zaidi ya mita 4,700, hewa ni nyepesi na kichwa cha mpandaji huuma. Mtu akiambiwa "chukua dawa hizi", atazipokea na kuzitia mfukoni, naye atakuwa ametii sawasawa. Aambiwapo ameze, atameza.

Watetezi wa mtindo huu wana hoja mbili. Ya kwanza ni ya kuwa Kiswahili nacho kina vitenzi vya kazi nyingi. Ni kweli: watu hula kiapo, hula njama, hula hasara na hula rushwa, hupiga simu, hupiga pasi na hupiga kura. Lakini matumizi hayo yamekua katika vinywa vya wenyeji, wala hayakuandikwa na mfasiri aliyefungua kamusi akaishia kwenye maana ya kwanza.

Hoja ya pili ni ya kuwa lugha hukua kwa kukopa. Hapana abishaye. Shule na hela ni maneno ya Kijerumani, nayo husemwa Kibosho na Rombo bila aibu. Hata "take" yenyewe ni ya kukopa, iliingia Uingereza pamoja na watu wa Skandinavia zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Ila watetezi husahau kumaliza hadithi: Kiingereza cha kale kilikuwa na kitenzi chake, "niman", nacho kilisukumwa pembeni hata kikafa. Basi wanaotaja historia hiyo waitaje pamoja na maiti yake. (Safari "kuchukua siku sita" kumekwisha kukaa, na kukung'oa sasa ni kazi bure.)

Ajabu ni kwamba kule mlimani mambo yamekwenda kinyume. Mgeni aliyezoea kuambiwa kwa Kiingereza "take your time" husikia neno moja tu kwa kiongozi wake, polepole, naye hulishika na kurudi nalo kwao. Aliyesoma Kiswahili chuoni, apewapo maneno yale yale kuyafasiri, huandika "chukua muda wako".