Kocha Hapigi Ngumi Hata Moja



Robert Wangila aliposhinda dhahabu ya ndondi kule Seoul mwaka 1988, Kenya nzima ililijua jina lake. Sasa nikuulize: kocha aliyekuwa kwenye kona yake siku ile aliitwa nani? Wengi wetu hatujui. Na wapo watakaosema hakuna haja ya kujua, kwa sababu kocha hapigi ngumi hata moja. Anayevuja damu ni bondia, basi sifa ni zake.

Nimeamua kuliandika jambo hili leo kwa sababu naliona kanisani kwa sura mbili. Kuna mshirika aliyebarikiwa anayesema, "Hakuna mtu aliyenisaidia, ni mimi na Mungu wangu." Na kuna mtumishi anayesema juu ya mshirika, "Yule bila mimi si kitu." Wote wawili wamekosea hesabu.

Tuanze na hesabu yenyewe. Pambano la ubingwa la raundi 12 lina dakika 36 za kupigana. Kati ya raundi na raundi kuna pumziko la dakika 1. Kwa hiyo usiku mzima kocha ana dakika 11 tu za kukaa na mtu wake. Kengele ikilia, anashuka. Ukiishia hapo utasema mchango wake ni mdogo sana.

Lakini mkumbuke Mike Tyson. Alikuwa mvulana wa miaka kama 13, yuko kwenye shule ya kurekebisha tabia, alipopelekwa kwa mzee Cus D'Amato. Mzee akamlea nyumbani kwake Catskill, jimbo la New York, na mama yake Tyson alipofariki, akawa mlezi wake kisheria. Alimfundisha kukinga uso, kusogeza kichwa na kuitawala hofu. D'Amato akafariki Novemba 1985. Mwaka mmoja baadaye, Tyson akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu akiwa na miaka 20, mdogo kuliko wote waliomtangulia. Kwenye kona alikuwepo Kevin Rooney, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wa mzee huyo.

Mwaka 1988 Rooney akaachishwa kazi. Wakati huo pesa zilikuwa nyingi, na marafiki pia. Februari 1990, mjini Tokyo, Tyson akapanda ulingoni bila kujiandaa vizuri, akakutana na Buster Douglas, ambaye karibu hakuna mtu aliyempa nafasi. Jicho la Tyson likavimba. Watu wa kona yake hawakuwa hata na kile chuma baridi cha kushusha uvimbe, wakatumia glavu ya mpira iliyotiwa maji ya barafu. Raundi ya 10 bingwa akaanguka. Ngumi zake zilikuwa zile zile, lakini hakuwa na mtu wa kumwamsha alfajiri akakimbie, wala wa kumwambia, "Mwanangu, hujawa tayari."

Ukitaka kuona jambo hili hili kwenye Neno, soma 2 Mambo ya Nyakati 24. Yoashi alitawazwa akiwa na miaka 7. Siku zote ambazo kuhani Yehoyada alikuwa hai, mfalme huyu alitenda mema, akatengeneza nyumba ya Bwana. Yehoyada alipofariki, wakuu wa Yuda wakaja wakamwinamia, naye akawasikiliza. Mwisho wake akaamuru mwana wa Yehoyada apigwe mawe. Mpendwa, angalia wale wanaokuinamia leo. Je, kuna hata mmoja anayeweza kukuambia umekosea?

Sasa nigeukie upande wa pili, na hapa nazungumza na sisi wachungaji. Vijana wengi walipita mikononi mwa D'Amato. Floyd Patterson alipata mkanda, José Torres akapata, Tyson akapata. Wengine wengi walifundishwa na mzee yule yule na hawakufika. Kocha hawezi kukimbia kwa miguu ya mtu mwingine. Paulo mwenyewe alijifananisha na mpiga ngumi, akasema anautesa mwili wake (1 Wakorintho 9:26-27). Ni mwili wake, si wa Barnaba aliyemshika mkono. Na alipozungumzia kazi yake kwa Wakorintho, alikiri kwamba yeye alipanda, Apolo akatia maji, lakini aliyekuza ni Mungu. Kwa hiyo mtumishi anayemdai mshirika sehemu ya kila baraka, eti kwa sababu alimwombea, ameanza kuuvaa mkanda usio wake.

Kocha mzuri utamjua kwa lipi? Mwangalie Eddie Futch pale Manila, tarehe 1 Oktoba 1975. Joe Frazier alikuwa amepigana na Muhammad Ali raundi 14, macho yamevimba hata hazioni ngumi zikija. Imebaki raundi moja tu. Frazier alitaka kuendelea. Futch akakataa, akasimamisha pambano. Ubingwa wa dunia ulikuwa dakika 3 mbele yao, na huyu mzee akachagua uhai wa mtu wake. Frazier hakufurahi siku ile, lakini aliishi hadi 2011.

Huo ndio msimamo wangu. Mchango wa kocha ni mkubwa, lakini haumpi haki ya kummiliki bondia. Akiupenda mkanda kuliko mtu, atamwacha apigwe mpaka afe.

Leo fanya mambo mawili. Kwanza, mpigie simu yule mama aliyekesha akikuombea, au yule mwalimu wa Sunday school aliyekukemea ukalia. Usisubiri matanga ndipo useme alikulea. Pili, kama kuna mtu uliyemfukuza kwenye kona yako kwa sababu alikuambia ukweli, mrudie kabla ya Tokyo yako.

Baba, tupe unyenyekevu wa kufundishwa. Na sisi unaotutuma kufundisha, utukumbushe kwamba watu ni wako. Katika jina la Yesu, amina.

Ni nani aliyesimama kwenye kona yako? Mtaje hapa chini tumshukuru Mungu pamoja.