Acheni kuisingizia tarakilishi

Haya wasomaji, leo naweka kando habari za hifadhidata na kuingia karakanani. Najua kuna watakaouliza mwandishi wa programu anatafuta nini kwenye mashine za kuchonga chuma. Natafuta ugomvi.

Majuzi mwenye karakana mmoja hapa Nairobi, anayechonga kalibu za vyombo vya plastiki, alinipigia simu akilalamika. Ana mashine ya CNC na programu halali ya CAM, lakini akibadilisha jambo dogo tu tarakilishi inakwama dakika arobaini. Muuzaji wa programu kamwambia dawa ni tarakilishi mpya yenye RAM ya gigabaiti 64. Mzee wa watu alikuwa tayari kwenda kukopa kwenye chama. Nikamwambia, mzee, ngoja kwanza nije nione.

Kazi yenyewe ilikuwa na hatua 22, na baada ya kila hatua mtu kaweka modeli ya stoki. Kwa asiyejua, modeli ya stoki ni umbo la kipande cha chuma ndani ya tarakilishi, lilivyobaki baada ya kikatio kupita, ili hatua inayofuata ijue chuma kimesalia wapi na isikate hewa. Ni kitu kizuri sana. Kikatio cha milimita 16 hakiwezi kumaliza kona; kinaacha mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 8. Kikatio cha milimita 6 kinachofuata, kikijua hilo, kitaenda moja kwa moja konani badala ya kuzunguka shimo lote upya. Kwa hiyo sina ugomvi na modeli ya stoki. Nina ugomvi na wanaoimwaga kila mahali kama chumvi.

Tena kila modeli kati ya hizo 22 ilianza upya kutoka kipande kibichi, ikapitia hatua zote zilizotangulia. Jumlisha moja, mbili, tatu hadi 22, utapata 253. Yaani tarakilishi inachonga mara 253 kazi yenye hatua 22! Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiniletea msimbo wa namna hiyo namrudishia. Lakini huku karakanani tunasema mashine ni nzee.

Kisha kuna suala la usahihi. Zote zilikuwa zimewekwa milimita 0.01, hata zile za mkato wa awali unaoacha nusu milimita nzima ya kumalizia baadaye! Hebu tupige hesabu. Chukua kipande cha milimita 200 kwa 150 kwa 50. Ukikigawa kwa vijisanduku vya milimita 0.1 unapata bilioni 1.5. Kwa 0.01 unapata trilioni 1.5. Hata mbinu ya dekseli aliyoieleza Tim Van Hook mwaka 1986, ambayo huhifadhi vijiti badala ya vijisanduku, haikuokoi: vijiti vinatoka milioni 3 hadi milioni 300. RAM gani ya kukopa itabeba upuuzi huo?

Tulibakisha modeli tatu. Moja baada ya mkato wa awali, ya pili baada ya kusafisha kona, ya tatu kabla ya kugeuza kipande upande wa pili. Kila moja inaanzia pale iliyotangulia ilipoishia. Usahihi tukauweka 0.1, na hatua inayosoma modeli tukaiambia ipuuze mabaki yaliyo chini ya 0.2, maana usipofanya hivyo kikatio kitakimbizana na vimabaki ambavyo si chuma bali ni makosa ya modeli yenyewe. Kutoboa matundu na kumalizia kuta hakuhitaji modeli yoyote. Tarakilishi ni ileile, na sasa inachukua dakika tatu.

Sasa wapo wa upande wa pili, na hawa wananikera zaidi. Wakichoka kusubiri wanahifadhi modeli kama faili la STL, wanazima kujisasisha, basi. Ni mbinu nzuri, na mimi huitumia. Ila jamani, hiyo ni kache! Sisi waandishi wa programu tumehangaika na swali la nini kimepitwa na wakati tangu Stuart Feldman aandike make mwaka 1976, na bado tunakosea. Kwetu kache iliyochacha inamwonyesha mteja bei ya jana. Kwao inavunja chuma.

Katika karakana nyingine, ambayo sitaitaja, kipande kilibadilishwa kutoka unene wa milimita 45 hadi 50 kwa sababu ndicho kilichopatikana dukani. Faili la STL likabaki na 45. Sufuri ya Z ilikuwa chini, kwenye jiliwa, na kimo cha usalama kiliwekwa milimita 3 juu ya modeli, yaani 48. G0 ya kwanza ikapita kwa kasi yote milimita mbili ndani ya chuma. Kikatio kikavunjika, na kijana aliyekuwa amesimama pale mashineni akakatwa mshahara.

Kosa la kijana ni lipi? Alibonyeza kitufe alichoambiwa abonyeze. Aliyebadilisha kipande hakusasisha modeli, na programu iliyouzwa kwa pesa nyingi haikusema neno, ingawa ilikuwa na vipimo vipya vya kipande na faili la zamani pamoja mbele yake. Kulinganisha namba mbili ni mistari michache ya msimbo. Walioiandika ni wenzangu katika kazi hii, na nasema waone haya.

Nimeanza kuandika kijiprogramu cha Python kinachomuuliza fundi unene aliopima kwa mkono, kisha kinasoma G-code na kupiga kelele kikiona G0 inayosogea kando chini ya hapo. Bado kinapiga kelele bure kikatio kikiwa ndani ya shimo lililokwisha kuchongwa, hilo nalishughulikia. Kijana bado hajarudishiwa pesa zake.