Unga Haujui Muhuri

Wako watu wasemao kuwa chakula cha Italia hakiwezi kupikwa sawasawa na mtu asiyezaliwa Italia, na kwamba hata huyo aliyezaliwa huko hapiki sawasawa asipofuata kipimo kilichoandikwa na kutiwa muhuri. Kwa watu hawa, mtu akandaye unga jioni nyumbani kwake, akavunja yai, akasukuma na kukata pasta ya watoto wake, ni mshtakiwa angojaye hukumu: amezidisha hiki, amepunguza kile, amethubutu kutia malai pasipotiwa malai. Maneno hayo husemwa kwa sauti ya ujuzi, na kwa hiyo huogopwa. Lakini si kila kisemwacho kwa sauti ya ujuzi ni ujuzi. Upishi wa nyumbani una sheria, tena kali. Lakini sheria hiyo imo ndani ya unga, maji, yai na moto. Haimo katika hati. Mtu aishikaye hati akauacha unga hupoteza vyote viwili.

Na utazamwe kwanza muhuri wenyewe. Tarehe 16 Aprili 1972, katika Baraza la Biashara la mji wa Bologna, iliwekwa hati ya kueleza upana wa taliatele, yaani pasta ya mayai ikatwayo mfano wa utepe. Ilitangazwa kuwa utepe huo ukiisha kupikwa uwe na upana wa sehemu moja katika 12,270 ya urefu wa Mnara wa Asinelli, mnara mrefu wa mji ule. Hesabu hiyo ni kama milimita 8. Mfano wake wa dhahabu ukahifadhiwa hapo. Kisha, tarehe 17 Oktoba 1982, ikawekwa hati nyingine ya mchuzi wa nyama uitwao ragu. Kupima utepe wa unga kwa mnara ni jambo lenye harufu ya mzaha, wala mzaha si kosa. Kosa huanza mzaha unapotiwa muhuri, akaja mtu wa mbali akaufanya amri, akawapigia nayo wapishi waliokuwapo kabla hati haijaandikwa.

Maana walikuwapo. Pellegrino Artusi, mfanyabiashara aliyezaliwa Forlimpopoli mwaka 1820, alitoa kitabu chake cha upishi mjini Firenze mwaka 1891, kwa gharama yake mwenyewe, nakala 1,000 tu. Katika kitabu hicho mna pasta kwa mchuzi wa Bologna: nyama ya ndama, nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, siagi, kitunguu, karoti, seleri na supu. Nyanya hamna. Tena Artusi amruhusu mpishi, akitaka, kuongeza uyoga mkavu au maini ya kuku, na mwisho nusu glasi ya malai. Hati ya 1982 ina nyanya na ina maziwa. Basi ikiwa hati ndiyo asili, Artusi alikula nini? Na ikiwa Artusi ndiye asili, hati ni kitu gani? Wala mambo hayakukoma hapo. Mwaka 2023 hati ya ragu ilirekebishwa na kuwekwa upya katika Baraza lile lile. Sheria iliyosemwa kuwa haibadiliki ilibadilishwa na mikono ile ile iliyoifunga. Wahenga walinena kuwa mla ni mla leo, mla jana kala nini. Walinzi wa asili humtaka mla wa leo ajifanye mla wa jana, na huyo wa jana wamemtunga wenyewe.

Atafutaye asili na aende mbali zaidi, aone itakavyomkimbia. Mwaka 1154 Al-Idrisi, mwanajiografia wa Kiarabu aliyemtumikia Mfalme Roger II wa Sicilia, alikamilisha kitabu chake kikubwa. Na katika kitabu hicho aliandika kuwa mahali paitwapo Trabia, karibu na Palermo, palitengenezwa itriya kwa wingi, nyuzi za unga zilizopelekwa kwa merikebu katika nchi za Waislamu na za Wakristo. Kitabu hicho hicho kinataja Malindi na Mombasa, na watu wa pwani hii wajuao tambi za sikukuu, zilizopikwa kwa tui, sukari na iliki, hawana sababu ya kuona kuwa nyuzi za unga ni siri ya watu wengine. Nyanya nayo si mwana wa Italia: ilitoka Amerika, baada ya safari ya 1492, na mchuzi wake haukuonekana katika vitabu vya upishi vya Napoli mpaka miaka ya 1690. Ama karbonara, ambayo kwayo watu hugombana kama warithi juu ya shamba, ni chakula kilichojulikana baada ya Vita Kuu ya Pili. Gazeti la upishi la Italia lilipoieleza mwaka 1954, liliitia kitunguu saumu na jibini ya Uswisi, vitu viwili ambavyo mlinzi wa leo akiviona hufunika uso.

Kama ugomvi huu ungekuwa wa sahani tu, usingestahili wino. Lakini ndani yake yamo maisha ya watu. Kati ya 1880 na 1920 Waitaliano zaidi ya milioni 4 waliingia Marekani, wengi wao wakulima maskini wa kusini. Kwao nyama ilikuwa chakula cha sikukuu. Ng'ambo waliikuta rahisi. Mama aliyekuwa akigawa kipande kimoja kwa watu wanane akapata nyama ya kutosha, akaifanya madonge, akaiweka juu ya tambi katika mchuzi mwingi wa nyanya. Sahani hiyo ilikuwa furaha ya mtu aliyeepukana na njaa. Leo huja mlinzi akasema kuwa sahani hiyo ni ya uongo, kwa kuwa haipo katika kijiji alikotoka mama yule. Haipo, naam, na sababu ya kutokuwapo ni njaa. Je, njaa ndiyo itakayofanywa kipimo cha ukweli?

Karibu zaidi na Waswahili, pwani ya Benadir ilitawaliwa na Italia tangu mwisho wa karne ya 19 hata 1941, na kutoka 1950 hata 1960 Italia ilirudi kuwa msimamizi. Watawala waliondoka, pasta ikabaki. Wasomali waliiita baasto, na mchuzi wake suugo. Wakautia bizari zao, wakala na ndizi mbivu pembeni. Mogadishu na Barawa, huu wa pili ukiwa mji wa Chimiini, lahaja ya Kiswahili ya upande wa kaskazini, sahani hiyo si mgeni tena. Asemaye kuwa Msomali ameharibu chakula cha Mwitaliano na aeleze kwanza kama nyanya ya Amerika iliharibu chakula cha Sicilia.

Hata hivyo, kuna kundi la pili, na kosa lake ni kubwa kama la kundi la kwanza. Hawa husema kuwa, maadamu kila kitu hubadilika, hakuna sawa wala si sawa. Kila mtu na apike apendavyo, na kila chungu ni haki. Maneno haya ni matamu masikioni na machungu mdomoni. Mtu akande unga kwa haraka, asiupumzishe, ausukume: donge litajivuta na kurudi kama mpira, na pasta itakuwa nene na ngumu. Hakuna baraza lililomwadhibu, wala hakuna hati aliyoivunja. Unga wenyewe umemhukumu.

Sheria ya unga ni hii. Katika mikoa ya kaskazini, kama Emilia na Romagna, hutumiwa ngano laini iliyosagwa sana, gramu 100 kwa yai 1. Ndani ya ngano mna protini ambazo, zikilowa na kukandwa, hushikana zikawa utando uitwao gluteni. Kukanda kwa dakika 10 au 15 huujenga utando huo. Kupumzika kwa nusu saa, donge likiwa limefunikwa, huulegeza hata ukubali kusukumwa. Mtu ajuaye kusukuma chapati anaijua nusu ya elimu hii kabla hajaambiwa. Lakini yai moja huwa na gramu 50 na jingine 65. Unga wa gunia hili hunywa maji kuliko wa gunia lile. Siku ya mvua si siku ya kaskazi. Ndiyo sababu kipimo kilichoandikwa ni mwanzo wa njia, si mwisho wake. Kidole kikibonyeza donge likarudi polepole, liko tayari. Na neno hilo kidole hulisema vyema kuliko karatasi.

Huko kusini sheria ni nyingine, kwa sababu ngano ni nyingine. Ngano ngumu husagwa ikawa unga wa chenga, hukandwa kwa maji bila yai, na pasta yake hukauka vizuri na kukaa muda mrefu. Sheria ya Italia ya mwaka 1967 iliamuru pasta kavu ya viwandani itengenezwe kwa ngano ngumu. Basi aidharauye pasta kavu kwa kuwa haikukandwa leo hajui asemalo. Pasta mbichi ya mayai ni laini, huiva kwa dakika 2 au 3, na hupokea siagi na mchuzi wa nyama. Pasta kavu huchukua dakika 8 hata 12, hubaki na ugumu kidogo katikati, na hustahimili mafuta na nyanya. Hizi ni ndugu mbili, si bibi na mjakazi wake.

Hata suala la malai katika karbonara huamuliwa na moto, si na kiapo. Kiini cha yai huanza kuganda kwenye joto la nyuzi 65 hivi. Mpishi aondoaye sufuria motoni, akatia maji kidogo yaliyochemshiwa pasta, yenye wanga, kisha yai na jibini, akakoroga upesi, hupata mchuzi mzito usiohitaji malai. Aachaye sufuria motoni hupata mayai ya kuvuruga. Malai humsaidia yule asiyejua joto lisimfedheheshe. Basi asitukanwe kuwa mkosefu. Na afundishwe joto, kisha achague mwenyewe. Tofauti kati ya kumfundisha mtu na kumwaibisha ndiyo tofauti kati ya elimu na kiburi.

Na elimu hii imekaa kwa nani? Si kwa watia muhuri. Artusi mwenyewe hakuwa peke yake jikoni: Marietta Sabatini na Francesco Ruffilli ndio waliopika na kujaribu, na wanawake wasomaji walimwandikia barua na kumpelekea mapishi yao. Kitabu kilichoanza na mapishi 475 kikafika 790. Artusi alipofariki mwaka 1911 aliwaachia wapishi wake wawili haki za kitabu hicho, na kwa tendo hilo alikiri ambalo walinzi wengi hawajakiri hata leo, kuwa mwenye mkono ana fungu katika kalamu. Forlimpopoli leo wako wanawake wajiitao kwa jina la Marietta, wafundishao kusukuma unga. Katika mji wa kale wa Bari wanawake hukaa milangoni mwao wakikata na kubonyeza orekiete, visikio vidogo vya unga, kwa kisu na kidole gumba. Hao hawapimi mnara. Ukiwauliza unga kiasi gani na maji kiasi gani, jibu lao limo mikononi.

Haki na itendeke kwa walinzi pia. Sokoni muhuri una kazi njema. Mtu auzaye jibini kwa jina la mji fulani na asiuze nyingine kwa jina hilo. Mnunuzi ana haki ya kupata alicholipia. Lakini nyumba si soko. Mama hawauzii watoto wake jina, huwapa chakula. Kuichukua sheria ya soko na kuiingiza jikoni ni kumgeuza mlezi kuwa mshukiwa. Na historia imeonyesha kuwa jiko halitii amri za namna hiyo. Tarehe 28 Desemba 1930, katika gazeti la Torino, mshairi Marinetti alitangaza kuwa pasta iondolewe Italia kabisa, kwa kuwa huwafanya watu wazito na wavivu. Watu walisoma, kisha wakaenda kula pasta. Aliyetaka kuipiga marufuku na watakao kuifunga wamekutana mlango mmoja, na mlango huo haukuwafungukia.

Hasara ya mahakama hizi ni ya kweli. Kijana aogopaye kukosea haanzi; asiyeanza hajui; asiyejua hununua; na anunuaye siku zote hana cha kumrithisha mwanawe ila bei. Hivyo, kwa jina la kulinda asili, mkono ulioibeba asili huachwa ukafa ganzi. Mwanafunzi apendaye kujua ukweli wa jambo hili na aache mabishano, achukue gramu 100 za unga na yai 1, akande, apumzishe, asukume, akate. Mara ya kwanza atakosea, na unga utamwambia alipokosea. Mara ya tatu watakuwapo wa kula pamoja naye.