Mwenza huitwa kabla handaki halijachimbwa

HOJA YA JUMAPILI
Na Rehema Kiondo

Karibu na mji wa Waxahachie, Texas, Wamarekani walichimba handaki la karibu kilomita 24 ambalo halikufika popote. Lilikusudiwa liwe duara la kilomita 87 la kugonganishia protoni. Oktoba 1993 Bunge la Marekani likaufuta mradi huo, dola zipatazo bilioni 2 zikiwa zimekwisha kutumika.

Sababu zilizotajwa ni nyingi: nakisi ya bajeti, kwisha kwa Vita Baridi, na makadirio yaliyopanda kutoka dola bilioni 4.4 hadi kupita 11. Mimi naongeza moja. Mradi ulinadiwa kama fahari ya Marekani, kisha gharama zilipopaa, Japani na wengine wakaanza kubishiwa hodi. Ni sawa na mtu aliyekwisha kuchagua ukumbi, mpambaji na rangi ya sare peke yake, ndipo akaanza kugawa kadi za michango. Japani haikutoa.

CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe iliyoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ilianza kinyume chake. Mwaka 1954 nchi 12 ziliiunda kwa mkataba. Kila mwanachama huchangia kulingana na pato lake, lakini barazani kila nchi ina kura moja. Desemba 1994 Baraza hilo lilipitisha ujenzi wa LHC, mtambo wake wa kugonganishia protoni, ndani ya handaki la kilomita 27 lililokuwapo tayari. Miaka miwili baadaye Ujerumani, ikielemewa na gharama za kuungana upya, ilishinikiza michango ipunguzwe. Ikapunguzwa, ratiba ikabanwa, lakini mradi haukufa, kwa kuwa haukuwa wa mwenye nyumba mmoja. Mwaka 1997 Marekani yenyewe ilikubali kuuchangia dola milioni 531, na Julai 4, 2012, ugunduzi wa chembe ya Higgs ukatangazwa.

Marekani haikupuuza somo. Katika jaribio la DUNE, chembe ndogo mno ziitwazo neutrino zitarushwa kutoka maabara ya Fermilab, Illinois, zipite ardhini kilomita 1,300 hadi South Dakota. Huko, kina cha kilomita 1.5, zitasubiriwa na matangi makubwa ya agoni ya kimiminika, na CERN imo miongoni mwa wanaoyagharimia.

Haya yanatuhusu. Afrika ndilo bara pekee lenye wakazi lisilo na sinkrotroni, mtambo ambao miale yake huchunguza dawa, madini na virusi. Mazungumzo ya kujenga mmoja yapo. Jordan wanao SESAME, uliozinduliwa 2017, na Iran na Israel zote zimo katika uanachama wake. Kwa hiyo kisingizio cha kutoelewana hatuna.

Wanasiasa wetu watakimbilia kuuliza mtambo ujengwe nchi gani. Swali la kwanza liwe hili: nani yuko tayari kutia saini ya kulipa kila mwaka, hata ukijengwa kwa jirani?